Dirisha la Asubuhi

Nilichagua nyumba kwa sindano. Kila nyumba niliyopelekwa kuiona niliingia na sindano nyembamba, uzi mweusi na kipande cha kitambaa cheusi, nikavuta kiti karibu na dirisha, nikajaribu kupitisha uzi tunduni. Uzi ukiingia kabla sijahesabu ishirini, nyumba inazungumzika. Ukigoma, nilikunja kitambaa changu nikaaga, hata kama bafu lilikuwa na vigae mpaka darini.

Madalali walinicheka, wakanibandika jina la Mama Sindano. Mmoja wao, ambaye maneno yake yangeweza kumtoa nyoka pangoni, aliniambia, "Mama, watu huuliza maji, huuliza umeme, huuliza majirani. Wewe unauliza jua! Jua ni la Mungu, haliuzwi pamoja na nyumba."

Nikamwambia basi anitafutie nyumba ambayo Mungu ameshafika.

Sikuwa nafanya mzaha. Nimeshona magauni ya harusi miaka thelathini na minne, na sehemu yangu ni ile ya mkono: shanga kifuani, vifungo vidogo vya mgongoni, pindo lisiloonekana. Cherehani wanaweza wengi. Shanga mia nne zikae mstari mmoja bila hata moja kupinda, hiyo ni kazi ya macho, na macho yangu yameanza kunikimbia. Daktari alisema ni presha ya macho. Pembeni pameshafunga, nikitazama mbele naona kama mtu anayechungulia kwenye mkono wa shati. Taa za umeme zinanipiga, kila moja ina duara lake la rangi. "Kilichopotea hakirudi," daktari alisema. "Kilichobaki kinataka dawa kila siku, na mwanga wa kutosha." Nikamuuliza mwanga wa kutosha ni upi. Akasema huo wa asubuhi, ukitoka pembeni, ni mzuri kuliko wa balbu yoyote atakayoniuzia mtu.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta dirisha. Nyumba ilikuwa kitu cha kulizunguka.

Fedha nilikuwa nazo, jasho langu la miaka yote hiyo, na mwenye vyumba nilivyopanga alikuwa ameniambia niondoke kabla ya mwisho wa mwaka. Nilichokosa ni mtu wa kunisomea. Maandishi madogo yalinishinda kabla ya shanga, maana shanga naweza kuipapasa, lakini herufi haipapasiki. Mtu huyo alikuwa mdogo wangu, Kitinda. Ndivyo tulivyomwita tangu azaliwe, kitinda mimba wa mama yetu, na mpaka leo ana watoto watatu na bado ni Kitinda.

Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka minne na mimi kumi na tisa. Nilimlea. Sisemi hivyo ili nipigiwe makofi, nasema ili ueleweke uchungu wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, jioni baada ya kazi, yeye upande mmoja wa meza na gazeti la kukatia vipimo, mimi upande wa pili na pindo la mtu. Alikuwa mwepesi, lakini alikuwa na ujanja mmoja. Akikutana na neno gumu aliliruka, halafu akaongeza mwendo ili nisigundue. Mimi sikuwa nikitazama gazeti, nilikuwa nikisikiliza. Sauti ikianza kukimbia, niligonga meza kwa tondoo langu, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, nikamwambia, "Umeruka. Rudi." Naye alirudi, akicheka, akalisoma lile neno silabi kwa silabi. Tulifanya hivyo mpaka alipoweza kusoma kitu chochote, na leo ni karani wa shule, anasomea watu barua zao za karo.

Basi tukazunguka, mimi na Kitinda na madalali. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kona, imepakwa rangi mbichi mpaka mlango ulinishika kiganja. Dalali aliwasha taa zote saa tatu asubuhi. Mtu anayewasha taa saa tatu asubuhi ameshakujibu kabla hujauliza. Nyumba ya pili ilikuwa na jua, lakini la saa kumi, linaingia limechoka. Ya tatu ilikuwa na dirisha zuri jikoni, na mwenyewe akanihakikishia kwamba naweza kushonea jikoni. Nikamwuliza kama mkewe angependa gauni lake la harusi liwe limeshonwa pembeni ya sufuria ya mafuta. Mkewe ndiye aliyecheka.

Ya nne, ya tano, ya sita. Kitinda akaanza kuvuta pumzi kwa nguvu kila nilipotoa sindano.

"Dada, kwani wewe unanunua nyumba au unanunua jua?"

"Nanunua miaka yangu ya kazi iliyobaki."

"Mchagua nazi hupata koroma," akasema.

"Na asiyechagua hupata kifuu," nikamjibu, na tukacheka wote wawili. Nilikuwa naipenda sana sauti yake akicheka. Naisema hii hapa kwa sababu ni kweli.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu kwa shangwe. Amepata. Si kwa dalali, amepata mwenyewe, kwa maulizo yake. Mzee mmoja, fundi saa mstaafu, anahama kwenda kukaa na binti yake. Nyumba ya vyumba vitatu, bati zima, maji yapo, na chumba kimoja dirisha lake linatazama mashariki moja kwa moja. "Njoo na sindano yako," akasema. "Safari hii utaaibika."

Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Niliingia kile chumba, na sikuhitaji kuambiwa dirisha liko wapi. Lilikuwa pana, limeanzia kiunoni, na chini yake palikuwa na meza ndefu yenye mashimo madogo madogo ya misumari ambako mzee alikuwa akifunga saa za watu. Jua lilikuwa limelala juu ya meza yote. Nikakaa, nikatoa kitambaa cheusi, sindano, uzi mweusi. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, na uzi ukawa umepita. Nikarudia nikidhani ni bahati. Tano. Mara ya tatu sikuhesabu kabisa, machozi yalikuwa yananisumbua.

Fundi saa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwanangu, wewe unashona?"

"Shanga, mzee wangu. Magauni ya harusi."

"Basi wewe ndiye," akasema. "Huyu mdogo wako aliponiambia mnunuzi ni mtu wa sindano, nikasema huyo nitamuuzia hata kwa hasara. Dirisha hili limenilisha miaka thelathini. Nimelipigania, mwanangu. Walikuja hapa na karatasi zao mara ya kwanza, mara ya pili, nikawaambia..."

"Mzee," Kitinda akamkata, "samahani, Dada ana miadi hospitali. Tutaongea siku ya kuandikiana."

Sikuwa na miadi. Nilidhani anamkata kwa sababu wazee wakianza habari za miaka thelathini hawamalizi. Nilichofanya ni kusogeza pazia nikatazama nje. Palikuwa na kiwanja kitupu, nyasi, matofali machache yaliyoota kuvu. Nikauliza cha nani.

"Cha mtu mmoja yuko mbali," Kitinda akasema. "Hajengi. Akijenga sana atazungusha ukuta wa kufika kiunoni, mbuzi wasiingie."

Shemeji yangu, mume wa Kitinda, ana duka la vigae. Nilijua kwamba wana kiwanja chao mahali, walikinunua miaka mingi iliyopita. Kila nilipouliza niliambiwa kiko nje ya mji, huko ambako hata nikipelekwa sitapajua. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Nani anamwuliza mtoto aliyemlea kiwanja chako kiko wapi, nionyeshe hati?

Siku ya kuandikiana tulikutana ofisini kwa wakili. Chumba chembamba, pazia zito, taa ndefu ya darini iliyokuwa ikitetemeka. Mbele yangu niliona weupe wa karatasi tu. Wakili aliuliza nani atanisomea, maana sheria inataka mtu asiyeona vizuri asomewe na aliyemsomea atie saini pia. Kitinda akasema, "Mimi, mdogo wake wa damu." Wakili akaridhika. Damu nzito kuliko maji, hata mawakili wanaamini.

Alinisomea mkataba wa mauziano, polepole, vizuri. Akanisomea hati ya kuhamisha umiliki. Akanisomea risiti. Akanisomea fomu ya kodi ya jengo. Baada ya kila karatasi alishika kidole changu cha shahada akakiweka pale kwenye mstari, akasema, "Anzia hapa, Dada," na mimi nikatia saini kuanzia pale kidole kilipo. Mzee alikuwa ameshamaliza zake, akatuaga, akanishika bega na kuniambia nilitunze dirisha. Nikamwahidi.

Halafu Kitinda akaweka karatasi nyingine. Akasoma mstari wa kwanza, kitu kama "mimi mwenye nyumba namba fulani", na sauti ikaanza kukimbia. Ikakimbia mpaka mwisho, haikuchukua hata nusu dakika.

Nilitabasamu. Kwa kweli nilitabasamu. Nikasema, "Kitinda, umeruka."

"Ni nakala tu ya ile ya kwanza, Dada. Nikirudia yote wakili atatutoza mara mbili."

Wakili alicheka, mimi nikacheka. Sikuwa na tondoo kidoleni siku hiyo. Kidole changu kikashikwa, kikawekwa kwenye mstari, nikatia saini ya tano. Mimi ni mtu wa kuhesabu, siwezi kujizuia. Niliondoka pale nikijua kwamba nimesomewa karatasi nne na nimetia saini tano, na nikaona haya kujiona ninamhesabia mdogo wangu.

Miezi mitatu ndani ya nyumba ile nilifanya kazi niliyokuwa sijaifanya kwa miaka mitatu. Saa moja niko mezani, saa nne na nusu naweka sindano chini kwa hiari yangu, siyo kwa kushindwa. Mwenye duka la magauni aliyekuwa ameanza kunipunguzia kazi kwa adabu, akaanza kunirudishia. Aliniletea gauni la binti wa mteja wake mkubwa, shanga mpaka kwenye mkia unaoburuzwa, akasema tarehe imebana lakini hakuna mwingine wa kumpa. Kitinda alikuja kila Jumamosi kunisomea barua na risiti. Alikaa kwenye kiti cha mzee, akanywa chai yangu. Sikuwahi kuwa na furaha vile tangu ujana wangu.

Halafu wakaja waashi.

Niliwasikia kabla sijawaona, majembe nje ya dirisha langu. Nikajiambia huo ndio ukuta wa mbuzi. Lakini walichimba siku nne, na mtaro wa ukuta wa kufika kiunoni hauchimbwi siku nne. Siku ya tano nikatoka na fimbo yangu nikafika mpakani, nikawasalimu.

"Mnajenga nini, wanangu?"

"Ghorofa tatu, mama," mmoja akajibu, mkunja nondo. "Chini maduka, juu nyumba za kupangisha."

"Hapa mpakani kabisa? Na dirisha langu je?"

Akaweka nondo chini. "Mama, si wewe uliyekubali? Msimamizi alituonyesha barua ya jirani. Bila ile barua tusingegusa udongo."

Nilipigwa na butwaa, lakini sikumdhania Kitinda. Jambo hili linaniudhi mpaka leo kuliko mengine yote. Nilidhani kuna mwizi wa saini mahali fulani, mtu mbaya, mgeni, na mtu wa kwanza niliyempigia anisaidie kumkamata alikuwa mdogo wangu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, usihangaike na jua hili," akaniambia. "Niachie mimi, nitashughulikia. Usiende popote peke yako."

Nikamwachia. Wiki mbili nilimwachia. Nguzo zikapanda, matofali yakafuata, safu mbili kwa siku, wakati mwingine tatu. Jua lililokuwa likifika mezani saa moja likawa linafika saa mbili, halafu saa tatu kasorobo. Nilikuwa na mkia wa gauni ambao haujaguswa. Jumamosi mbili Kitinda hakuja, mara homa ya mtoto, mara mkutano wa shule. Siku ya kumi na tano nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda ofisi ya vibali vya ujenzi peke yangu, nikiuliza njia kwa kila aliyenipita.

Karani wa pale alikuwa binti mdogo, mwenye sauti safi. Nilimwomba anitolee faili la jengo lile na anisomee barua ya jirani. Akaniketisha mlangoni penye mwanga. Alisoma kama anavyosoma mtu asiye na cha kuficha:

"Mimi, mwenye nyumba namba kumi na saba, sina pingamizi jirani yangu ajenge ghorofa tatu mpaka kwenye mpaka wa viwanja vyetu, na ninakubali kwamba madirisha yangu ya upande wa mashariki yatazibwa. Nimesomewa barua hii na nimeielewa."

"Jirani yangu nani?" nikauliza.

Akataja jina la shemeji yangu, majina yake yote matatu, ili nisije nikadhani ni mwingine.

"Na aliyenisomea?"

Hilo hakulisoma. Aliigeuza karatasi kwenye mwanga akaniletea karibu na jicho, na nikaona mwenyewe. Saini yangu, inayopanda kulia kwa sababu inaanzia kwenye kidole kilichowekwa na mtu mwingine. Chini yake saini ya Kitinda, na ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu niliyomfundisha kuandika mimi, juu ya meza, miaka thelathini na mitano iliyopita.

Nilimrudishia karatasi. Yule binti akanipa maji. Nadhani kwa huruma, akaendelea kupekua faili, akaniambia kuna nyingine za zamani. Shemeji yangu aliomba ridhaa ya mzee mara tatu katika miaka sita, na mara tatu mzee alijibu kwa mkono wake. Akanisomea jibu la mwisho, lilikuwa fupi: "Hapana. Dirisha hilo ndilo kazi yangu. Nikifa au nikihama, mwombeni atakayekuja."

Nao wakatii. Walimtafuta atakayekuja. Walitafuta mtu ambaye mzee angemuuzia kwa moyo mweupe, na ambaye angetia saini bila kusoma. Hawakuhitaji kwenda mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nazipapasa mshono kwa mshono, na bado sikumwona. Miezi yote ile nilidhani nachagua nyumba, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nachaguliwa.

Nikamwuliza karani kama kuna njia. Akasema ipo moja. Nikidai sikusomewa, wao watadai nilisomewa, na karatasi iko upande wao. Lakini aliyenisomea akikiri kwa maandishi kwamba hakunisomea, barua inakufa na ujenzi unasimama. "Ila aje kabla zege la ghorofa ya kwanza halijamwagwa, mama. Likishamwagwa, ofisi itakwambia mkalipane fidia." Zege lilipangwa Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Akanipa nakala ya ile barua, na kwenye karatasi nyingine akaniandikia mistari miwili safi, na nafasi ya saini.

Jumapili asubuhi nikampigia Kitinda nikamwambia kuna barua imekuja nisomewe. Kwa neno hilo hajawahi kuacha kuja, na alikuja. Nilimkalisha kwenye kiti cha mzee. Mimi nilikaa ng'ambo ya meza na gauni mapajani, tondoo kidoleni. Ilikuwa saa mbili na chumba bado kilikuwa cha kijivu. Nikamsogezea nakala ya barua ya jirani.

Nilisikia karatasi ikiinuliwa, kisha ikiwekwa chini.

"Dada..."

"Nisomee. Usiruke neno."

Alisoma. Safari hii alisoma polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye "madirisha yangu ya upande wa mashariki" hakuongeza mwendo, akaendelea mpaka mwisho. Alisoma vizuri sana. Nilimfundisha mimi.

"Uliniuza mchana kweupe," nikamwambia. "Ningekuwa jirani tu, ningesema haya, dunia ndivyo ilivyo. Mimi nilikubeba mgongoni, Kitinda."

Akaanza kulia. Alisema ni baba watoto, kiwanja kilikuwa kimekaa miaka sita kinaota majani, duka la vigae linayumba, mzee alikuwa na kichwa kigumu. Alisema walinipatia nyumba nzuri kwa bei nzuri, sikuibiwa hata senti. Alisema tutakuwa karibu sasa, ukuta kwa ukuta, watoto wataniletea chakula, sitakosa kitu.

"Nitakosa mwanga."

"Dada, mwanga wa nini?" Nadhani hakukusudia kulisema, lilimtoka tu. "Macho yako yanaondoka. Daktari aliniambia mimi, hakukwambia wewe. Mwaka mmoja, labda miwili. Ghorofa litakaa miaka hamsini. Ulitaka tuache ghorofa la watoto kwa ajili ya mwaka mmoja wa shanga?"

Sikujua kama ilikuwa kweli au ni kitu cha kunimalizia. Nilichojua ni kwamba walikuwa wamekaa mahali, yeye na mumewe, wakaupima mwaka wangu wa mwisho wa kuona, wakauona mdogo. Moyo uliniuma mpaka nikaweka gauni chini nisilichome na sindano. Mimi ningeuchukua mwaka huo. Ningeamka saa kumi na mbili kila siku ya mwaka huo.

Sikumwambia. Nikatoa ile karatasi ya karani nikaitandaza mbele yake. Nikamwambia inachosema: kwamba yeye aliyenisomea hakunisomea. Nikatafuta mkono wake juu ya meza, nikakishika kidole chake cha shahada, nikakiweka pale kwenye mstari.

"Anzia hapa," nikasema.

Kidole kilikaa. Kilikaa muda mrefu, kina joto, na kwa muda ule nilimsamehe kila kitu, nilikuwa tayari kupika chai. Halafu kikateleza kutoka chini ya changu.

"Niachie niende nayo nyumbani, Dada, niisome vizuri, nitie saini jioni nikuletee, au hapana, nitaipeleka mwenyewe ofisini kesho mapema kabla hawajaanza, usiwe na wasiwasi kabisa, kesho mapema." Aliyasema yote hayo kwa pumzi moja.

Nikagonga meza kwa tondoo. "Umeruka," nikamwambia. "Rudi."

Alikuwa ameshasimama. Nikasikia mkoba ukifungwa, mlango, viatu barazani, lango. Karatasi alikwenda nayo.

Jumatatu mashine ya zege iliwashwa saa mbili na dakika chache. Iliunguruma mpaka alasiri.

Siku hizi nashonea nje, kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, barabarani kabisa, kwa saa mbili ambazo jua hupitia kati ya nyumba mbili za ng'ambo. Shanga zikianguka, watoto wanaopita huniokotea. Nina shuka jeupe nimelitandika chini ili gauni lisile vumbi. Lile la mteja mkubwa nililimaliza, nilichelewa siku tisa, na sijaletewa jingine la mkia. Naletewa vifungo.

Jana Kitinda alikuja kukagua jengo lao na mumewe. Shemeji alipita akitazama simu. Yeye alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. "Dada," akaita, "kaa ndani, vumbi litakuumiza macho."

Niliinua sindano kwenye mwanga. Hesabu ilikuwa imefika hamsini na saba na uzi ulikuwa bado haujaingia.